Kudhoofika na Kuvurugika kwa Ishara: Historia ya Nyaya za Baharini na Nafasi ya Afrika Mashariki, 1850–2010

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya tatizo moja la mawasiliano, nalo ni jinsi ishara inavyopoteza nguvu na umbo kadiri inavyosafiri mbali na chanzo chake. Hoja inayojengwa ni kwamba kudhoofika na kuvurugika ni madhara mawili tofauti, na kwamba fedha nyingi zilizamishwa baharini katika karne ya 19 kwa sababu dawa ya dhara la kwanza ilitumiwa kutibu la pili. Aidha, makala yanaonesha kwamba mahali ishara iliyochoka iliposomwa na kuandikwa upya palipata umuhimu wa kisiasa ambao hesabu za wahandisi hazikuutaja. Zanzibar, kuanzia mwaka 1879, ndiyo mfano wa karibu zaidi. Sehemu ya mwisho inaligeukia bara, ambako njia ni fupi kuliko ya baharini lakini ishara hutunzwa kwa gharama kubwa.

Utangulizi

Neno simu limetoka katika Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Kabla ya kuwa chombo cha kusemea, simu kwa wakazi wa pwani ilikuwa telegrafu, na kupiga simu kulikuwa kupeleka maneno kwa njia ya waya. Lugha imehifadhi hapa jambo ambalo watumiaji wa leo wamelisahau: kwamba habari husafiri ndani ya kitu, na kwamba kitu hicho hutoza ushuru njiani.

Ushuru huo ni wa namna mbili. Mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya ziwa husikika kwa sauti hafifu. Maneno ni yaleyale, ila nguvu imepungua. Huko ni kudhoofika. Mtu huyohuyo akiita ndani ya korongo lenye kuta za mawe, silabi ya kwanza haijaisha kurudi kutoka ukutani wakati ya tatu inatamkwa. Nguvu ipo tele, lakini maneno yameingiliana. Huko ni kuvurugika. Anayeita kutoka ng'ambo ya ziwa hufaidika akipaza sauti. Anayeita korongoni akipaza sauti hupaza na mwangwi. Tofauti hii, ambayo mchungaji yeyote wa milimani anaijua, iliwachukua wakuu wa kampuni za telegrafu muda mrefu kuikubali, na si kwa sababu walikosa watu wa kuwaeleza.

Waya uliozama

Mwaka 1851 ulitandazwa waya wa kwanza uliodumu kati ya Uingereza na Ufaransa. Shaba yake ilifunikwa kwa gutapacha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao maji ya bahari hayaupenyi. Nyaya za nchi kavu, zilizoning'inia juu ya nguzo, zilikuwa zimekwisha kuzoeleka wakati huo. Ishara ilidhoofika kadiri ya umbali, na betri ikiongezwa ilifika. Waya uliozama ulileta tabia mpya. Mpigo mfupi na mkali ulioingia upande mmoja ulitoka upande wa pili ukiwa mrefu na mlegevu, ukianza polepole na kukawia kwisha. Mipigo iliyotumwa kwa haraka iligandana ikawa kitu kimoja.

Michael Faraday aliieleza sababu mwaka 1854. Shaba iliyo ndani, gutapacha iliyo katikati na bahari iliyo nje hufanya chombo kikubwa cha kuhifadhi chaji za umeme, mfano wa chupa ya Leyden iliyonyooshwa kwa maili nyingi. Chombo hicho sharti kijazwe kabla hakijatoa, na kikishatoa hubaki na salio linalochuruzika. Mwaka uliofuata William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, aliigeuza picha hiyo kuwa hesabu. Alichukua milinganyo ambayo Joseph Fourier alikuwa ameitunga kueleza namna joto linavyopenya katika chuma, akaitumia kwa umeme unaopenya katika waya. Matokeo yake yalitisha: kukawia kwa ishara huongezeka kwa mraba wa urefu. Waya ukirefushwa mara mbili, ishara hukawia mara nne; ukirefushwa mara kumi, hukawia mara mia. Kukawia huko hutegemea pia ukinzani wa shaba na uwezo wa waya kuhifadhi chaji, hivyo waya mrefu unahitaji shaba nene na gutapacha nene. Hesabu hiyo haimpi mwenye waya njia ya kukwepa gharama.

Wildman Whitehouse, tabibu wa Brighton aliyejifunza umeme kwa juhudi zake mwenyewe, alikwenda mbele ya mkutano wa Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi huko Cheltenham mwaka 1856 na kuikana sheria ya mraba. Alitoa majaribio yake kuwa ushahidi. Si haki kumchora kama mjinga. Alifanya majaribio mengi kuliko wengi wa wakati wake, na aliyafanya kwa bidii. Alichokosa ni nadharia ya kumwambia ni kipimo kipi kinachopima kitu gani. Tena alikuwa na wasikilizaji waliotaka awe na haki. Kampuni ya Telegrafu ya Atlantiki iliundwa mwaka huohuo, naye akawa fundi wake mkuu wa umeme. Thomson, aliyeingia katika bodi ya wakurugenzi, alijibu kwamba sheria ya mraba haikatazi waya wa Atlantiki bali inadai waya mnene zaidi. Lakini waya ulikuwa umekwisha kuagizwa: shaba ya ratili 107 kwa kila maili ya baharini, na gutapacha ya ratili 261.

Thomson aligundua pia kwamba shaba iliyokuwa ikiuzwa kama safi ilitofautiana sana kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine katika uwezo wake wa kupitisha umeme. Hakuna aliyekuwa ameipima kabla ya kuinunua.

Waya huo ulikamilika tarehe 5 Agosti 1858 baada ya majaribio yaliyokatika njiani. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani zilikuwa na maneno 98 na zilichukua takriban saa 16 kufika. Mitaa ya New York ilisherehekea kwa fataki, huku chumbani Valentia, Ireland, wapokeaji wakihangaika kutambua alama. Hapo ndipo dawa isiyofaa ilipotumiwa. Whitehouse aliunganisha koili zake kubwa za induksheni, zilizokadiriwa kutoa volti 2,000 hivi, akitarajia kuisukuma ishara kwa nguvu. Thomson alikuwa na njia iliyo kinyume: kutumia umeme mdogo na kuupokea kwa galvanomita ya kioo, chombo ambacho kioo chake chepesi kilitupa doa la mwanga ukutani na kuonesha hata msukumo mdogo kabisa. Ujumbe uliosomeka ulisomeka kwa chombo hicho. Kufikia Septemba mawasiliano yalikuwa yamekatika, na waya haukufufuka tena.

Historia ya kawaida humtwika Whitehouse lawama zote. Utafiti wa karibuni zaidi umekuwa na huruma zaidi, na kwa sababu nzuri. Waya ulitengenezwa kwa haraka. Mahali pengine shaba haikukaa katikati ya gutapacha, na sehemu ya waya ilikuwa imewekwa nje juani kabla ya safari ya pili. Volti 2,000 zilimaliza kitu kilichokuwa kibovu tayari. Hata hivyo, katika wiki zake chache za uhai waya huo ulipeleka amri ya kuzuia vikosi vya Uingereza visiondoke Kanada kwenda India, na kwa makadirio ya wakati ule Hazina iliokoa pauni 50,000. Serikali ziliiona thamani ya waya wa baharini kabla hazijaelewa tabia yake. Mpangilio huo wa mambo umejirudia mara nyingi tangu hapo.

Ulirudiwa mwaka uliofuata, na safari hii karibu zaidi na Afrika Mashariki. Waya wa Bahari ya Shamu, kutoka Suez kupitia Aden hadi Karachi, ulitandazwa mwaka 1859 na 1860 kwa dhamana ya serikali ya Uingereza. Haukuwahi kufanya kazi kwa urefu wake wote. Dhamana ilikuwa imeandikwa bila sharti la waya kufanya kazi, hivyo walipa kodi waliendelea kuwalipa wenye hisa pauni 36,000 kila mwaka kwa miaka 50. Waya mfu ulilipwa hadi karne ya 20.

Hasara hizo mbili ndizo zilizozaa kamati ya pamoja ya serikali na Kampuni ya Atlantiki, ambayo ilihoji mafundi, wanasayansi na watengenezaji, na kutoa ripoti yake mwaka 1861. Mwaka huohuo, kwa pendekezo la Thomson, Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kiliunda kamati ya vipimo vya umeme. Kipimo cha ukinzani kinachofundishwa leo katika kila shule ya sekondari, yaani omu, kilikuzwa na kazi ya kamati hiyo. Huelezwa darasani kama zao la udadisi wa maabara. Ukweli ni kwamba kilihitajika ili mnunuzi na muuzaji wa waya waweze kuandikiana mkataba. Waya wa Atlantiki wa mwaka 1866, uliotandazwa na meli Great Eastern, ulibeba shaba ya ratili 300 na gutapacha ya ratili 400 kwa maili, ukapimwa kiwandani, melini na baharini. Ulipeleka takriban maneno manane kwa dakika tangu mwanzo.

Zanzibar: mahali pa kusomea upya

Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, baada ya siku 20, kwa sababu hapakuwa na waya kusini mwa Afrika na barua ilibebwa kwa meli hadi kituo cha telegrafu kilichokuwa karibu zaidi katika Atlantiki. Kabla mwaka haujaisha Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imetandaza waya kutoka Aden hadi Durban, ukipitia Zanzibar, kisiwa cha Msumbiji na Ghuba ya Delagoa.

Kwa nini Zanzibar? Sababu za kisiasa zinajulikana: ubalozi wa Uingereza uliokuwa na nguvu chini ya John Kirk, biashara ya karafuu na pembe, na dola ya Sultani Barghash ambayo London ilitaka kuisimamia kwa karibu. Lakini chini ya siasa palikuwa na hesabu ya mraba. Kutoka Aden, kuizunguka Pembe ya Afrika, hadi Unguja ni zaidi ya kilomita 3,000, yaani umbali unaokaribia ule wa Atlantiki. Waya mmoja wa Aden hadi Durban bila kituo ungekuwa na urefu wa zaidi ya mara mbili ya huo, na kwa shaba ileile ungekawiza ishara zaidi ya mara nne. Ilikuwa lazima ishara itoke majini mahali fulani katikati, isomwe, na itumwe tena ikiwa changa.

Kusoma upya kulikuwa kazi ya mikono na macho. Chombo cha Thomson cha mwaka 1867 kilichora kwa bomba jembamba la wino mstari wa mawimbi juu ya utepe wa karatasi: mpindo wa juu kwa alama moja, wa chini kwa nyingine. Mstari huo haukuwa na kingo kali. Ulikuwa vilima na mabonde yaliyolala juu ya mawimbi mapana zaidi ya usumbufu wa waya wenyewe. Karani mzoefu aliona herufi pale ambapo mgeni angeona mchoro wa mtoto. Aliandika alichokiona, na karani wa waya wa pili akakituma. Kwa lugha ya wahandisi wa leo, karani alikuwa akiunda ishara upya: hakuipaza ile iliyochoka bali aliamua ilikuwa nini na kutuma nyingine safi. Ndiyo maana makosa ya waya yalikomea kituoni. Ndiyo maana pia kosa la karani lilisafiri mbele likiwa safi kabisa, bila alama yoyote ya kuwa ni kosa. Nyumba za biashara zilitumia vitabu vya misimbo kubana gharama, na neno moja la msimbo likikosewa herufi lingeweza kugeuza amri ya kununua kuwa amri ya kuuza.

Waya unaounda ishara upya mahali fulani huipa sehemu hiyo nafasi ya kujua. Ujumbe unaopita bila kusomwa hauwezi kuzuiwa na kituo, unaosomwa unaweza. Zanzibar ya miaka ya 1880 ikawa mahali ambapo habari za pwani yote ziliingia wayani na amri za Ulaya zilitoka. Mwaka 1890 ziliongezwa nyaya fupi kwenda Mombasa kwa upande wa Waingereza, na Bagamoyo na Dar es Salaam kwa upande wa Wajerumani. Hivyo koloni la Wajerumani lilizungumza na Berlin kwa waya wa baharini uliopita katika kituo cha kampuni ya Waingereza. Agosti 1896 Khalid bin Barghash alipoingia katika kasri, balozi mdogo Basil Cave aliomba London kwa telegrafu ruhusa ya kutumia manowari. Jibu lilifika kwa wakati, na tarehe 27 kasri likashambuliwa kwa mizinga. Ruhusa hiyo ilikuja katika waya uleule ulioletwa na vita vya Wazulu, ikisomwa kituo baada ya kituo. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, Wajerumani wa Dar es Salaam walibaki na redio tu, na mnara wao ukaanguka katika siku za kwanza za mapigano, manowari ya Uingereza iliposhambulia mji.

Barani hali ilikuwa tofauti. Waya ulioifuata reli ya Uganda kutoka Mombasa, na ule wa Cecil Rhodes uliopanda kutoka kusini ukaishia Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, haukusumbuliwa na sheria ya mraba kwa kiasi kile. Ulisumbuliwa na mchwa walioila miti ya nguzo, twiga na tembo walioangusha waya, na mvua za masika zilizolowesha vikombe vya kaure hata umeme ukavuja ardhini katika kila nguzo. Hapa dhara lilikuwa kudhoofika, na dawa yake ilikuwa betri, nguzo za chuma na vibarua wa kufyeka njia. Ni dawa rahisi kueleza na ngumu kulipia.

Heaviside na mkuu wa posta

Oliver Heaviside alikuwa karani wa telegrafu aliyeacha kazi akiwa kijana na kuishi kwa umaskini akiandika hisabati. Katika miaka ya 1880 alithibitisha jambo lililoonekana kama kejeli. Hesabu ya Thomson ilikuwa imeacha induktansi, yaani ukaidi wa mkondo wa umeme kubadilika ghafla. Heaviside aliirudisha katika milinganyo, na mwaka 1887 akaonesha kwamba induktansi ikiongezwa kwa kiasi maalumu, ishara hudhoofika bila kuvurugika: kila sehemu yake hupungua kwa kiwango kilekile na kufika kwa wakati uleule. Yaani umbo linaweza kuokolewa hata kama nguvu haiwezi.

William Preece, mkuu wa uhandisi katika Posta ya Uingereza, aliamini kwamba induktansi ni adui wa simu na alisema hivyo hadharani. Makala ambayo Heaviside aliandika pamoja na ndugu yake Arthur, aliyekuwa mtumishi wa Posta, yalizuiwa yasichapishwe. Matokeo yake ni kwamba Uingereza, iliyokuwa na nadharia, ilingoja. Marekani, kupitia George Campbell na Michael Pupin, ilianza kuweka koili katika nyaya za simu mnamo mwaka 1900, na Pupin akapata hataza na utajiri. Kwa washauri wa sera kisa hiki kina uzito kuliko kile cha Whitehouse. Whitehouse alikuwa mtu wa pembeni aliyepewa madaraka. Preece alikuwa ndiye mamlaka yenyewe, na makosa yake hayakukata waya wowote. Yalichelewesha tu, na kucheleweshwa hakuundiwi kamati ya uchunguzi.

Kelele

Vikuza ishara vya vali za kielektroni viliwezesha simu ya sauti kuvuka Marekani nzima mwaka 1915. Kwa mara ya kwanza kudhoofika kulipata dawa ya kweli: ishara iliyopungua ilirudishiwa nguvu njiani bila mtu kuigusa. Papo hapo dhara la tatu lilijitokeza. Kila waya una kelele yake, mtikisiko wa chembe unaotokana na joto, kama John Johnson na Harry Nyquist walivyoonesha mwaka 1928. Kikuza ishara hakijui ipi ni sauti ya mama na ipi ni kelele. Hukuza vyote, na kuongeza yake. Vikuza 50 vikifuatana hukusanya kelele 50. Waya wa simu wa Atlantiki wa mwaka 1956 ulikuwa na vikuza 51 kwa kila upande na njia 36 za mazungumzo, na kila kimoja kilijengwa kwa uangalifu wa ajabu kwa sababu kosa dogo lingezidishwa mara 51.

Dawa ya kelele ilikuwa kurudia kazi ya karani wa Zanzibar. Alec Reeves, Mwingereza aliyefanya kazi Paris, alipendekeza mwaka 1938 kwamba sauti yenyewe igeuzwe kuwa namba, na namba kuwa mipigo ya ndiyo na hapana. Kituo cha njiani hakihitaji tena kuikuza sauti. Kinahitaji tu kuamua kama mpigo upo au haupo, kisha kitume mpigo mpya. Mwaka 1948 Claude Shannon alithibitisha kwamba kila njia yenye kelele ina kikomo cha habari inayoweza kubeba, na kwamba chini ya kikomo hicho makosa yanaweza kupunguzwa kadiri mtu anavyotaka. Namba ya kasi isiyoambatana na kiwango cha makosa ni nusu ya habari, ingawa ndiyo inayoandikwa katika matangazo.

Afrika Mashariki iliingia katika zama hizo kupitia angani. Kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa, Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970 na kuhudumia nchi tatu za Jumuiya ya wakati ule. Setilaiti ya aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya Ikweta, na ishara hupungua takriban desibeli 200 katika safari ya kupanda au kushuka, maana yake hubaki sehemu moja kati ya namba iliyoandikwa kwa moja na sifuri 20. Sahani kubwa hufidia sehemu ya upungufu huo. Mvua huleta mengine: katika masafa ya juu matone ya mvua ya kitropiki hunyonya na kutawanya mawimbi, na ndiyo sababu vituo vikuu vya ukanda huu vilishikilia masafa ya chini, yenye sahani kubwa na ghali, muda mrefu baada ya nchi za ukame kuhamia kwenye sahani ndogo. Benki iliyotumia sahani ndogo ilijifunza kuvumilia kukatika kwa huduma alasiri za masika.

Nyuzi za kioo, pwani na bara

Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walidai kwamba mwanga unaweza kubeba habari ndani ya uzi wa kioo ikiwa upotevu utashushwa hadi desibeli 20 kwa kilomita, yaani asilimia moja ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja. Kioo cha wakati huo kilikuwa mbali sana na hapo. Maabara ya Corning ilikivuka kiwango hicho mwaka 1970. Uzi wa leo hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita: asilimia ileile moja hubaki baada ya kilomita 100. Zaidi ya hapo hesabu ni kali. Mkongo wa EASSy, uliofunguliwa mwaka 2010 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, una urefu wa takriban kilomita 10,000. Bila vikuza njiani, upotevu wa desibeli 2,000 ungebakiza sehemu moja kati ya namba yenye sifuri 200. Hakuna mwanga wowote ungefika, hata chembe yake moja.

Vikuza hivyo hukuza mwanga kwa mwanga, kwa uzi uliotiwa elementi ya erbiamu, ugunduzi wa mwaka 1987. Ni vya ajabu, na vimerudisha tatizo la mwaka 1956: havisomi upya ishara, hukuza na kelele yake. Kuvurugika nako kumerudi, kwa kuwa rangi mbalimbali za mwanga hazisafiri kwa mwendo mmoja ndani ya kioo na mpigo hutanuka kama ule aliouona Faraday. Kusoma upya hufanyika ufukweni, Mombasa au Dar es Salaam, kwa mashine zinazofanya hesabu kubwa kuliko karani yeyote. Nguvu ya kuendesha vikuza hutumwa kutoka nchi kavu kwa volti elfu kadhaa kupitia shaba iliyo ndani ya mkongo, na waya huzistahimili, jambo ambalo lingemfariji Whitehouse.

Kufika kwa SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy, kuliondoa utegemezi wa pwani kwa setilaiti. Kwa Uganda, Rwanda na Burundi mkongo wa baharini uliishia pale safari yao ilipoanzia. Kutoka pwani hadi Kigali au Bujumbura ni takriban kilomita 1,500 au zaidi, sehemu ndogo ya urefu wa EASSy. Lakini baharini kikuza hulala chini kwa miaka 25 kikipata umeme kutoka ufukweni, ilhali nchi kavu, kila kilomita 80 au 100, sharti pawe na kibanda chenye umeme, jenereta, betri, kiyoyozi na mlinzi. Umeme wa kibanda kimoja ukikatika, vingine vyote vilivyo nyuma yake havina maana.

Kuna na upotevu wa polepole usioonekana katika hati za uzinduzi. Uzi uliokatwa na tingatinga la barabara huunganishwa kwa kuyeyushwa, na kila kiungo hupoteza sehemu ndogo ya desibeli, kidogo kikifanywa vizuri na zaidi kikifanywa usiku kwenye mvua. Kukatwa mara moja huacha viungo viwili, kwa kuwa kipande kipya huingizwa katikati. Njia iliyopita kando ya barabara inayopanuliwa hukusanya viungo mwaka hata mwaka, na akiba ya nguvu iliyoachwa na wabunifu huliwa bila siku maalumu ya kushindwa. Kinachoonekana kwanza ni makosa machache zaidi katika hesabu za mashine za upande wa mbali, kisha kasi kushushwa kimyakimya. Kifaa cha kupimia hutuma mpigo wa mwanga na kuandika kinachorudi kutoka kila kiungo, mita kwa mita. Nchi isiyo na pwani inayokodi njia hiyo kwa miaka 15 au 20 inaweza kudai nakala ya kipimo hicho siku ya kutia saini, na nyingine kila baada ya matengenezo. Wanunuzi wa waya wa mwaka 1866 walidai vipimo vya namna hiyo, baada ya wale wa 1858 na 1859 kulipa bila kuvidai.